Kujifunza Huku Duka Liko Wazi: Mwongozo kwa Mfanyabiashara Mdogo wa Uganda

Maswali ninayoulizwa na wafanyabiashara wadogo hapa Kampala, na wengine wanaopiga simu kutoka Arua, Busia na Kasese, ni yale yale. "Niliishia darasa la saba, bado naweza kujifunza biashara?" "Kozi gani ni nzuri?" "Nafungua saa kumi na mbili asubuhi, nafunga saa tatu usiku, muda wa kusoma niutoe wapi?" Nimeona niyajibu mahali pamoja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Unaweza kujifunza, na si lazima ukakae darasani. Lakini kuna utaratibu. Anayekimbilia kozi kabla hajajua biashara yake inavuja wapi hurudi na cheti mkononi na hasara ile ile dukani.

Kama bado unajiuliza kwa nini mtu mzima ahangaike na masomo, tazama yaliyopita machoni petu. Pesa ya simu iliingia Uganda mwaka 2009. Mwaka 2018 serikali ikaitoza kodi, na mitandao ya kijamii nayo shilingi 200 kwa siku, kisha kodi zile zikabadilishwa tena. Mwaka 2020 viwango vya kodi ya wafanyabiashara wadogo vikapangwa upya. Mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aliyemaliza shule mwaka 2005 hakufundishwa hata moja katika hayo, awe na digrii au asiwe nayo. Nadharia inatosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Madaftari mawili. Moja la hesabu, moja la maswali. Usiyachanganye.
- Simu. Yenye intaneti inasaidia, lakini hata ile ndogo ya tochi inatosha kuanzia.
- Saa mbili kwa wiki, siku inayojulikana. Chagua siku ambayo wateja wako ni wachache. Kwa maduka mengi ni katikati ya wiki, mchana.
- Pesa kidogo ya kujifunzia, iliyotengwa na mtaji. Shilingi 5,000 kwa wiki inatosha: nauli, bando, na kununua kitu kwa mtu unayekwenda kumuuliza.
- Mwenzako mmoja mfanyabiashara atakayekuuliza kila mwisho wa mwezi: umejifunza nini, na kimeleta nini?

Kompyuta huihitaji kwa sasa. Kiingereza cha kunyoosha pia hukihitaji.

Hatua ya 1: Andika mauzo na matumizi kwa wiki nne

Najua hii si hatua uliyoitarajia. Ulitaka nikutajie kozi. Lakini bila hesabu hujui ukajifunze nini, kwa hiyo vumilia.

Chora safu tano kwenye daftari: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, mkopo uliotoa, na kilichochukuliwa nyumbani. Safu ya mwisho ndiyo watu huiacha. Kilo ya sukari uliyopeleka nyumbani, elfu kumi ya karo ya mtoto, nauli ya shemeji aliyepita kusalimia: vyote viandike. Maduka mengi yanayosemekana hayauzi, yanauza vizuri; pesa inatoka kwa mlango wa nyuma.

Andika siku ileile kabla ya kufunga. Ukisema utaandika Jumapili, Jumapili utakuwa unakisia.

Daftari lina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Mamlaka ya Mapato (URA) huwatoza wafanyabiashara wadogo kwa kuangalia mauzo ya mwaka, na anayetunza kumbukumbu hulipa kidogo kuliko asiyetunza. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2020, mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 10 hadi milioni 30 asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 80,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kile kinachozidi milioni 10. Kwa mauzo ya milioni 20, ambayo ni kama 55,000 kwa siku, kodi yake ni 40,000. Nusu imebaki mfukoni kwa sababu ya daftari. Kati ya milioni 30 na 50, asiye na kumbukumbu hulipa 200,000. Mwenye nazo hulipa 80,000 na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30. Kwa mauzo ya milioni 40 hiyo ni 130,000. Mawakili, wahasibu, wajenzi na wataalamu kama hao hawamo katika utaratibu huu. Na kwa kuwa sheria za kodi hurekebishwa mara kwa mara, thibitisha kiwango cha mwaka huu kwenye ofisi ya URA kabla ya kulipa.

Onyo: usianze na programu ya simu ya kutunza hesabu. Ni nzuri, lakini asiyeweza kutunza daftari kwa mwezi mmoja hataweza kutunza programu. Akizoea daftari, programu atajifunza kwa siku mbili.

Hatua ya 2: Toa swali moja tu

Wiki nne zikiisha, kaa na daftari. Tafuta mahali pamoja panapouma, ukaandike swali katika daftari la pili. "Nataka kukuza biashara" si swali. "Nijifunze masoko" si swali pia. Swali zuri lina kitu unachoweza kukishika, kukihesabu au kukipima.

Chukua mpishi wa chapati, maana kila mtaa wa Kampala una wake na hesabu yake ni rahisi kuifuata. Tuseme pakiti ya unga wa ngano ya kilo mbili ni shilingi 9,000, mafuta 3,000, makaa 2,000, chumvi 200. Jumla 14,200. Akitoa chapati 20 na kuuza kila moja 1,000, anapata 20,000, zinabaki 5,800. Kutoka humo atalipa pa kukaa, mifuko, na jasho lake mwenyewe.

Sasa siku nyingine mkono umekuwa mzito, madonge yamekuwa makubwa, pakiti ileile imetoa chapati 18. Mapato ni 18,000, zinabaki 3,800. Chapati mbili tu zimeondoa theluthi ya kilichobaki. Mpishi huyu hahitaji semina ya masoko. Swali lake ni hili: donge langu linatakiwa liwe na uzito gani, na nitafanyaje liwe hivyo kila siku? Jibu lake linaweza kuwa mizani ndogo ya jikoni na asubuhi moja ya mazoezi.

Maswali mengine yaliyokaa vizuri:

- Fundi cherehani: kwa sare moja ya shule, nakata kitambaa kiasi gani na kiasi gani kinaishia kwenye vipande vya kutupa?
- Muuza dagaa: kwa nini mzigo wa kutoka mwaloni, yaani pale ufukoni samaki wanaposhushwa, unapungua uzito kabla haujafika kwa mnunuzi wa mwisho?
- Mwenye duka: wateja gani wa mkopo wanalipa ndani ya mwezi, na gani hawalipi?
- Anayetengeneza sabuni ya maji: kwa nini mtungi wa leo ni mzito na wa jana ulikuwa kama maji?

Onyo: liwe swali moja. Ukiwa na maswali matatu kwa wakati mmoja, hutajua lipi limeleta mabadiliko.

Hatua ya 3: Peleka swali mahali pake

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi. Wanaona tangazo, wanalipa, halafu wanatafuta swali la kulingana na kozi. Wewe umekuja na swali tayari, kwa hiyo fuata aina yake.

Swali la kodi lipeleke URA kwenyewe. Kuuliza ni bure, na namba ya mlipa kodi, yaani TIN, hutolewa bure. Anayekutoza ili "akusaidie kuipata" anakuuzia muda wake, si namba. Jina la biashara linasajiliwa katika ofisi ya usajili, URSB.

Swali la ubora wa bidhaa unayotengeneza, kama juisi, sabuni, siagi ya karanga au mkate, lina milango miwili. Shirika la viwango, UNBS, ndilo litakalokueleza masharti ya bidhaa yako na alama ya ubora. Taasisi ya utafiti wa viwanda, UIRI, iko Nakawa na ina watu wanaojua usindikaji wa chakula kwa vitendo. Nenda na sampuli ya bidhaa yako, usiende na maneno matupu.

Swali la ufundi liende kwa mafundi. Chuma ni Katwe, mbao na vipuri ni Ndeeba, matengenezo ya magari ni Kisekka, uchapaji ni Nasser Road. Ukikaa siku mbili karibu na fundi wa Katwe anayechomelea mashine za kusaga karanga, utaelewa kwa nini mashine yako inapata joto. Na kama wewe mwenyewe ni fundi uliyejifunza kazini bila kuingia chuo, ulizia katika chuo cha ufundi kilicho karibu nawe habari za hati ya Worker's PAS. Inatolewa kwa kupimwa ujuzi wa mikono, si kwa kuandika insha. Ukitafuta kazi kwa mkandarasi, inasaidia.

Swali la kilimo na mbegu liko kwa watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Vituo vyao vya Kawanda na Namulonge haviko mbali na Kampala. Uendeshaji wa biashara kwa ujumla, kama kupanga bei, kuajiri au kuandika mpango wa mkopo, unafundishwa na Enterprise Uganda, ambao wako kwenye kazi hiyo tangu 2001, na pia chuo cha biashara cha Makerere kilichoko Nakawa, MUBS.

Wewe uliye Busia, Malaba au Mutukula, swali lako la kwanza liwe la forodha. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zina utaratibu mwepesi na cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani hapohapo. Kuna akina mama wanaopitisha mzigo wao njia za panya kwa miaka, wakipoteza zaidi kwa wanaowakimbiza kuliko ambavyo wangetumia kwenye dirisha halali.

Na YouTube? Nzuri kwa kitu cha kuona kwa macho: jinsi ya kukata mtindo, kupaka icing keki, kurekebisha pampu. Kwa bei, soko na sheria, tahadhari. Video ya Lagos au Nairobi haijui bei ya unga wa Kikuubo, mtaa wetu wa maduka ya jumla Kampala, wala sheria ya hapa.

Onyo kuhusu semina za hotelini. Mimi sizipendi, nisifiche. Msemaji anapiga kelele kwamba umaskini uko kichwani, watu wanapiga makofi, mwisho kuna fomu ya kujiunga na biashara ya kuleta watu chini yako. Kabla ya kulipia mafunzo yoyote uliza mambo matatu: nitafanya nini kwa mikono yangu siku hiyo? Mwalimu ameendesha biashara gani? Naweza kuongea na mtu aliyesoma mwaka jana? Wakisita, weka pesa yako mfukoni. Anayekuahidi kujirudishia pesa maradufu kwa kufanya biashara ya fedha za kigeni kwenye simu, huyo hata usimuulize.

Hatua ya 4: Jifunze kwa mtu anayefanya kazi kama yako

Ofisi zitakupa masharti. Bei na mbinu ziko kwa wenzako. Tatizo ni kwamba jirani yako ni mshindani, na hana sababu ya kukufundisha. Basi toka. Kama unapika Bwaise, nenda Mukono. Kama duka lako liko Mbale, nenda Soroti au Jinja. Ukiwa mbali huli mkate wake, na ulimi wake unafunguka.

Nenda saa ambazo hana wateja. Nunua kwanza, kula au kagua, sifu kile unachokipenda kweli. Halafu sema ukweli wako:

"Shikamoo mama. Chapati zako ni laini hata zikipoa. Mimi pia napika, lakini niko Bwaise, huko mbali. Naomba uniambie, unakanda kwa maji ya moto au ya baridi?"

Swali dogo la kazi hujibiwa. "Unapata faida kiasi gani kwa siku?" halijibiwi, na litakufungia mlango. Akikueleza, mpe na wewe kitu unachokijua: wapi umepata mafuta kwa bei nafuu, mteja gani wa jumla anatafuta mzigo. Ukirudi mara ya pili utapokewa kama mgeni wa nyumbani.

Ukitaka kukaa naye wiki nzima ujifunze kwa kushika, mkubaliane mapema: utalipa kiasi gani, au utafanya kazi gani badala ya malipo, na utaondoka lini. Yasipozungumzwa mapema, huzaa ugomvi.

Hatua ya 5: Jaribu kidogo, ndani ya siku saba

Ulichojifunza kikikaa wiki mbili bila kutumika, kimeshaondoka. Kijaribu haraka, lakini kwa kiasi ambacho kikiharibika utalala usingizi.

Badilisha kitu kimoja. Mpishi wetu apime madonge kwa wiki moja, bila kubadili unga, bila kubadili bei. Mtengeneza sabuni ajaribu mchanganyiko mpya kwa lita tano kabla ya kujaza mtungi wa lita ishirini. Fundi cherehani akate sare mbili kwa mpangilio mpya, si bunda zima la shule.

Kisha andika mistari minne: swali, nilichobadilisha, kilichotokea kwa shilingi, uamuzi. Uamuzi ni ama tunaendelea, ama tunaacha. "Tutaona" si uamuzi.

Onyo kubwa: usikope ili ujaribu. Pesa za mipango ya serikali kama PDM na Emyooga, au za kikundi, zina tarehe ya kurudi, na jaribio halina. Kopa ukishaona kwenye daftari lako kwamba jambo linalipa.

Hatua ya 6: Mfundishe msaidizi wako

Kile kilichofaulu, mwonyeshe kijana wako wa dukani, halafu mwache akifanye mbele yako. Asipoweza, ujue hata wewe hujakielewa vizuri. Wengi huogopa: "Nikimfundisha ataondoka afungue lake." Inawezekana. Lakini asiyefundishwa naye huondoka, na kabla ya kuondoka ameshakuharibia unga.

Hatua ya 7: Fuata kalenda ya biashara

Januari, hesabu za mwaka uliopita. Februari, Mei na Septemba shule zinafunguliwa, kwa hiyo wauza vitabu, sare na viatu wajifunze kabla, si wiki yenyewe. Juni bajeti inasomwa, na sheria mpya za kodi kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai: tenga saa zako mbili za wiki hizo kusikiliza redio na kuuliza nini kimebadilika kwa mtu wa kipimo chako. Katikati ya mwaka kwa kawaida kuna maonyesho ya kilimo ya Jinja. Oktoba kwa kawaida kuna maonyesho ya biashara ya wenye viwanda pale Lugogo. Nenda siku ya katikati ya wiki, maana wikendi ni ya puto na muziki na hakuna mtu wa kukueleza mashine.

Maswali manne kwa mwaka yanatosha. Moja kila miezi mitatu.

Mambo yakikwama

*Sina muda kabisa.* Chunguza siku yako kwa wiki moja. Mara nyingi kuna saa ya kungoja mzigo au mteja ambayo inaishia kwenye video za vichekesho. Kama kweli hakuna hata saa moja, basi swali lako la kwanza limeshapatikana: kazi gani naweza kumwachia mtu mwingine?

*Sijui kusoma na kuandika.* Tumia sauti. Rekodi mauzo kwenye simu kila jioni, na mtoto wa shule ayaandike. Huku ukiendelea, muulize afisa maendeleo ya jamii wa eneo lenu kuhusu madarasa ya kisomo cha watu wazima. Watu wa miaka sitini wanaingia humo. Huna sababu ya kuona haya.

*Kiingereza kinanishinda, na fomu zote ni za Kiingereza.* Nenda ofisini ana kwa ana, uliza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali hapo. Ukipewa karatasi, mpelekee mwalimu wa jirani akusomee kabla ya kutia sahihi. Usitie sahihi kwanza.

*Mume wangu, au mke wangu, anasema napoteza pesa.* Mwonyeshe ule ukurasa wa mistari minne. Kama hakuna ukurasa, ana haki ya kulalamika.

*Nimejaribu, hakuna kilichobadilika.* Angalia mambo mawili. Ulibadilisha vitu viwili kwa pamoja? Au wiki hiyo ilikuwa na jambo lake, kama mvua, uchaguzi, shule kufungwa? Rudia wiki moja zaidi. Ikiwa bado, acha, chukua swali jingine.

*Nimejifunza, nimefaulu, na jirani ameiga ndani ya mwezi.* Ataiga tu. Kwenye soko letu hakuna siri inayodumu. Wewe una daftari linalokuonyesha inakugharimu kiasi gani. Yeye ameona chapati tu. Akishusha bei kukufuata, rudi kwenye safu ya "kilichotoka" uone unaweza kushuka hadi wapi, na usishuke hata shilingi moja chini ya hapo.